Marehemu wa Kiti cha Tatu

Ziro Gona aliambiwa amekufa siku ya Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe mbele ya dirisha la kituo cha kusafisha damu mjini Malindi. Aliyemwambia ni Sista Idah, tena kwa upole, maana walikuwa wamezoeana. Kwa miaka miwili, kila Jumanne na Ijumaa, Idah alimpima uzito, akamtania kwa maji aliyokunywa kwa kuiba, kisha akamlaza kwenye kiti cha tatu na kumfunga kwenye mashine kwa saa nne. Figo zake zilikuwa zimekwisha kazi. Bila ile mashine, damu ya Ziro ilikuwa sumu.

"Weka kidole tena," Idah alisema.

Ziro akakifuta kidole kwenye shati, akakiweka juu ya kioo. Taa ikawaka nyekundu.

"Kingine."

Alijaribu vyote kumi. Watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walianza kukohoa kikohozi cha watu wenye haraka. Mbeyu, mkewe, akasogea karibu na dirisha.

"Inasema nini hiyo mashine, sista?"

Idah aliona haya kulitamka, akaigeuza skrini wasome wenyewe. ZIRO GONA ZIRO. MATSANGONI. MAREHEMU. HUDUMA IMEFUNGWA.

Mbeyu akacheka. Alidhani ni jambo dogo. "Huyo ni babu yake, sista! Tumemzika juzi tu, matanga hayajapoa. Huyu ni mjukuu. Si unamwona?"

"Mimi namwona, Mbeyu. Mashine ndiyo haimwoni."

"Basi iambie."

"Ningekuwa na pa kuiambia ningeshaiambia," Idah akajibu, na sauti yake ikawa ya mtu anayeomba msamaha. "Nendeni kwa Musembi, chumba cha mwisho. Nendeni upesi, kiti nitawashikia."

Musembi alikuwa afisa wa kumbukumbu, mtu wa bara, mwenye kitambi na roho nzuri. Wagonjwa waliotoka mbali bila kula walijua kwamba mezani kwake kulikuwa na mandazi kwenye karatasi, na kwamba hakuna aliyewahi kunyimwa. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza, akabofya, akasoma, akabofya tena, akavua miwani.

"Poleni sana, ndugu zangu. Mwezi huu tumeletewa mfumo mpya. Kazi yake ni kusafisha kumbukumbu. Ukikuta mtu ameandikwa mara mbili, unamfanya mmoja. Kulikuwa na wizi mwingi wa majina, nyinyi wenyewe mnajua."

"Lakini hawa ni watu wawili," alisema Mbeyu.

"Jina moja. Kijiji kimoja. Namba ya simu moja."

"Babu hakuwa na simu. Alitumia yangu," alisema Ziro.

"Hayo yote mfumo ungeyasamehe. Una akili, haukurupuki tu." Musembi akaigusa skrini kwa ukucha. "Ila vidole pia ni vimoja. Hapo ndipo mimi naishiwa na maneno. Vidole vya watu wawili haviwezi kufanana, hiyo ni sayansi. Labda mniambie nyinyi."

Ziro akainamisha kichwa. Alikuwa ameshakumbuka.

Asiyejua mambo ya Wagiriama ataliona jambo hili ni la kipuuzi. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Ziro alimzaa Gona, Gona akamzaa Ziro, na Ziro akijaliwa atamzaa Gona. Si jina tu. Mzee alimwita mjukuu wake "mimi." Akimwona anatoka shule angesema, "Mimi ndiyo narudi, nipeni chakula," na mjukuu alipoposa, mzee alitembea kijiji kizima akijisifu kwamba anaoa msichana mbichi na meno hana. Mbeyu mwenyewe alimtania kwa kumwita mume wangu wa kwanza. Ndivyo nyumba ile ilivyocheka kwa miaka.

Basi walipokuja vijana wa kuandikisha watu kwenye Kadi ya Uzima ya matibabu, miaka minne iliyopita, walimkuta mzee barazani. Alikuwa mgema. Miaka sitini ya kupanda minazi ilikuwa imeilamba mikono yake, ncha za vidole zikawa laini mfano wa kijiko. Mashine ikakataa mara ya kwanza, ikakataa mara ya kumi. Kijana aliyeishika alikuwa na watu mia wa kuandika kabla jua halijazama, na wote walikuwa wamejaa pale uani. Mzee ndiye aliyemtoa katika shida. "Mpimeni huyu," alisema akimvuta mjukuu wake mkono. "Huyu ndiye mimi." Ua wote ukaangua kicheko. Kijana naye akacheka, akaweka mikono ya Ziro juu ya kioo, taa ikawa kijani, na mzee akapata kadi. Mwaka mmoja baadaye Ziro akajiandikisha mwenyewe kazini Watamu, kwa vidole vilevile. Hakuna aliyeona tatizo. Mashine za wakati ule hazikuwa na akili.

Musembi alikisikiliza kisa hicho, na mwanzoni akatabasamu. Kisha tabasamu likamkauka.

"Kwa hiyo mfumo umeona mtu mmoja, aliyeandikwa kwanza akiwa mzee. Na huyo mzee amefariki."

"Basi futa hilo la mzee, ubakishe langu," Ziro alisema.

"Kitufe cha kufuta sina. Nikiwa nacho mimi, angekuwa nacho na mwizi."

"Niandike upya."

"Nikikuandika upya itasema vidole ni vya marehemu, na mimi nitaandikwa kwamba nimejaribu kumfufua mtu. Ndugu yangu, sikufanyii hila. Mimi nawaombeeni tu kule juu. Wanajibu ndani ya saa sabini na mbili."

"Na leo?" Mbeyu akauliza. "Leo ndiyo siku yake. Tutalipa taslimu. Nitampigia baba mkwe sasa hivi, auze mbuzi."

Musembi akatikisa kichwa. Hata anayelipa taslimu lazima aweke kidole, na mashine haiwaki bila jina la mtu aliye hai. Aliyatamka maneno hayo huku akiyatazama mandazi yake, kisha akawafungia manne kwenye karatasi. Mbeyu alisahau kuyabeba.

*

Nyumbani Matsangoni, Ziro aliketi kwenye kiti cha kamba, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miguu ilikuwa imeanza kujaa maji. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki pale pale likikutazama. Mbeyu alimpimia maji ya kunywa kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja kila saa, na kila alipokimimina alihisi anamnyonga.

Everlyne, dada yake Ziro, alikuwa kidato cha nne na msomaji asiyeshiba. Maktaba ya shule yake ilikuwa na rafu moja ya vitabu vya nchi za kubuni, nchi ambazo mashine zinatawala, mtu anaitwa namba, na anayekosea anafutwa kana kwamba hakuzaliwa. Alivisoma vyote, na jioni alimsimulia kaka yake ili apitishe kiu. Ziro alizipenda sana hadithi zile. Alikuwa akizicheka, akisema walioziandika ni watu walioshiba waliokosa cha kuogopa.

Jioni hiyo hakumwomba hadithi. Everlyne mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Ujue kwenye vile vitabu kuna kitu wanakosea," alisema. "Kila mara kuna mtu mbaya. Kuna mkubwa fulani, ana jumba lake, anapenda watu waumie. Unamchukia toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Sasa hapa nimchukie nani?"

"Musembi?" Mbeyu akauliza kwa uchungu.

"Musembi aliwafungia mandazi, shemeji. Na Sista Idah umesema alilia."

"Alilia kweli."

"Basi. Kila mtu ana huruma. Wote wanasema pole. Mtu wa kumlilia ndiye hayupo."

Gona, baba yao, alikuwa kwenye kona, akichonga mpini wa jembe usiohitaji kuchongwa. Alikuwa mwenye miaka hamsini na minane, mtu wa kanisa, mtu wa kufuata sheria. Baba yake alipofariki, wengi walimwambia kuandikisha kifo ni kujisumbua, mzee hana pensheni wala shamba la ugomvi. Yeye alikwenda kwa naibu wa chifu siku ya pili tu baada ya mazishi, na mbele ya baraza naibu akamsifu kwamba laiti wote wangekuwa raia kama Gona. Sasa sifa ile ilimchoma.

"Ni mimi niliyemwua," alisema.

"Baba, usiseme hivyo," Ziro akamwambia.

"Nani mwingine? Mimi ndiye niliyepeleka karatasi." Akaweka kisu chini. "Kesho nitakwenda kuirudisha."

*

Ofisi ya naibu wa chifu ilikuwa na benchi moja, na Jumatano benchi hilo lilijaa watu ambao wiki tatu nyuma walikula ubwabwa wa matanga ya mzee Ziro. Kabibi, jirani aliyeupika ubwabwa huo kwenye sufuria la kanisa, alimsogelea Gona na kumpa mkono kwa mara nyingine.

"Pole kwa mzee, Gona. Mungu awape nguvu."

"Nimepoa," Gona alijibu, na shingo ikamwingia mabegani.

Naibu wa chifu aliitwa Fondo. Alimkaribisha vizuri, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya joto. Gona aliomba ufungwe. Haukufungika, bawaba moja ilikuwa imekatika. Ikambidi aseme kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ndiyo inayofanya watu wa kwenye benchi waache kuzungumza.

"Nimekuja kwa habari ya kifo cha baba. Nataka kukirudisha."

"Kukirudisha vipi?"

Gona akaeleza. Fondo alielewa haraka, kwani hakuwa mjinga, na alimjua Ziro tangu akiwa mtoto. Akafungua kompyuta yake, akatafuta, akapata fomu ya kubatilisha taarifa ya kifo. Kisha akaguna.

"Gona, hapa kuna sababu moja tu ya kuchagua. Hakuna ya pili."

"Ipi?"

"Kwamba mhusika yuko hai. Na anayetoa taarifa lazima atamke mbele yangu, mimi niandike nimesikia."

Gona akautazama ule mlango usiofungika.

"Fondo, wewe ulishika jembe pale kaburini."

"Nilishika. Na nikahutubia." Fondo akajifuta jasho. "Mimi nitaandika. Mtoto asafishwe damu kwanza, mengine Mungu anayajua. Lakini lazima useme, ndugu yangu. Inarekodi sauti."

Gona Ziro, mzee wa kanisa, akasimama, kwa sababu aliona si adabu kulisema jambo kama lile ameketi. "Mimi Gona Ziro nasema baba yangu hajafa," alisema. "Yuko hai, yuko nyumbani." Mashine haikuridhika na sauti, ikamtaka arudie kwa nguvu. Akarudia kwa nguvu.

Alipotoka, benchi zima lilikuwa linatazama sakafu. Kabibi peke yake alimtazama usoni, akatikisa kichwa taratibu, na jioni habari ilikuwa imeshafika kisimani kwamba huzuni imemvuruga Gona akili, au kwamba kuna pesa za bima anazila kwa jina la maiti. Wengi walipendelea hiyo ya pili.

*

Ijumaa walikwenda tena Malindi. Ombi la Musembi lilikuwa halijajibiwa, na taa ilikuwa bado nyekundu. Gona alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wawili. Alizinyoosha pesa dirishani, na Idah akaukunja mkono wake taratibu, pesa zikiwa ndani, akaurudisha. Walijaribu hospitali nyingine. Huko Ziro alichomwa sindano ya kupunguza maji, akawekewa hewa kwa saa mbili, na daktari kijana akawaambia ukweli kwamba anachohitaji ni ile mashine, na mashine zote za pwani zinauliza mfumo mmoja.

Kufikia Jumapili Ziro alilala akiwa ameketi, maana akijinyoosha alizama. Mdomo wake ulikuwa na ladha ya chuma. Alianza kujikuna mpaka damu. Kuna wakati alimwita Mbeyu kwa jina la mama yake mwenyewe, aliyekwisha kufa, kisha akajishtukia na kuona aibu, na Mbeyu akajifanya hakusikia.

"Mbeyu."

"Abee."

"Usichoke."

"Sijachoka mimi. Nyamaza, usimalize pumzi."

Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa, na alikuwa na hasira asiyojua pa kuitua. Aliwaza kumkasirikia mzee na mizaha yake, akashindwa, kwa kuwa alimpenda. Aliwaza kuikasirikia sayansi, lakini sayansi hiyo hiyo ndiyo iliyompa mume wake miaka miwili.

Jumatatu saa kumi na moja jioni simu ya Ziro ikalia. Everlyne ndiye aliyesoma, akasoma mara mbili, kisha akapiga ukelele uliomtoa Gona shambani mbio. OMBI LAKO LIMEKUBALIWA. ZIRO GONA ZIRO YUKO HAI. FIKA KITUONI. Gona alipiga magoti pale pale kwenye majani, jembe mkononi. Mbeyu alikaa chini kwenye kizingiti, akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa.

*

Jumanne walifika kabla kituo hakijafunguliwa, wakakuta foleni imeshaanza. Gona aliona ndani kutakuwa na msongamano, akasema atawangoja nje chini ya paa la mlinzi. Mbeyu na Ziro wakaingia, Ziro akimwegemea mkewe, akipumzika kila hatua ya tano.

Idah aliwaona kwa mbali, akapiga makofi. Ziro akaweka kidole. Taa ikawaka kijani mara moja, na mashine ya foleni ikatoa mlio, ikaita namba yake mbele ya watu kumi na wanne waliomtangulia. Mama mmoja wa Mambrui akalalamika.

"Yeye kaja saa hii, mbona aitwa yeye?"

"Mashine inasema ni mzee," Idah alijibu, naye akashangaa. "Wazee wa zaidi ya miaka themanini hawapangi foleni."

Watu wakamtazama Ziro. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Kwa jinsi alivyovimba na kuinama, wawili watatu hawakuona ajabu.

Idah alimpima uzito. Kilo kumi na moja za maji. Akaandika, akabofya, akangoja mfumo umpe namba ya kufungulia mashine. Kiti cha tatu kilikuwa wazi, shuka limetandikwa, sindano ziko tayari kwenye sinia. Mbeyu aliona uso wa Idah ukibadilika, akajua kabla hajaambiwa.

"Musembi!" Idah aliita. "Musembi, njoo uone!"

Musembi alikuja akifuta unga wa mandazi mikononi. Wakasoma pamoja, vichwa vikikaribiana. Kisha Musembi akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake asiyejua kusoma.

"Mgonjwa ana miaka themanini na saba. Mfumo umepima umri, uzito na hali ya moyo. Faida ya kusafisha damu ni ndogo. Huduma iliyoidhinishwa ni ya faraja. Tembe za maumivu, siku thelathini."

"Yeye si wa themanini na saba," Mbeyu alisema.

"Najua, mama. Aliyefufuliwa ni babu yake."

"Mmemzoea. Mnamjua. Miaka miwili."

"Tunamjua."

"Basi iwasheni!"

"Haiwaki, Mbeyu," Idah alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Nikiibonyeza kwa mkono hainisikii. Inangoja namba. Ingekuwa ni mfereji ningefungua."

"Kuna kukata rufaa," Musembi akasema. "Ukikataa hii ya faraja, faili linakwenda kwenye uchunguzi. Siku tisini. Na katika siku hizo hapewi chochote, hata tembe." Akajifuta mikono tena. "Ukikubali, anapewa tembe leo. Lazima aweke kidole aseme amekubali."

Ziro alikuwa ameketi kwenye benchi la mizani, macho nusu. Alikuwa amesikia yote. Yule mama wa Mambrui alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Ziro alikitazama kile kiti, shuka lake, mabomba yake safi. Hatua nne tu. Akavuta pumzi, ikaishia njiani.

"Nani anafuata baada yangu?" aliuliza.

"Usiulize hayo," Mbeyu akamwambia.

"Mwenye zamu alazwe. Kiti kisikae bure." Kisha akamgeukia mkewe. "Inauma, Mbeyu. Nipe hizo tembe."

Mbeyu alimshika mkono kwa nguvu asiinuke. Akaushika hivyo kwa muda, na hakuna mtu yeyote aliyemharakisha. Musembi alitazama ukuta. Idah alishika skrini kwa mikono miwili, akingoja. Hatimaye Mbeyu mwenyewe ndiye aliyemwinua, maana peke yake hakuweza kusimama. Kidole kikasomwa papo hapo. Idah akahesabu tembe kwenye mfuko wa karatasi, akaeleza mbili asubuhi na mbili jioni, kisha akamwita mama wa Mambrui.

Walipotoka nje jua lilikuwa bado la asubuhi. Gona alikuwa amenunua chungwa, amelimenya, amelifunga kwenye leso ili mwanawe ale akitoka kwenye mashine, kwani Idah humruhusu kipande kimoja. Aliwakimbilia.

"Imekubali?"

Mbeyu alimtazama baba mkwe wake. Aliliona lile chungwa kwenye leso, na akakumbuka kwamba tangu Jumatano iliyopita hakuna jirani aliyempa mkono.

"Imekubali, baba."

"Haleluya! Asante Bwana, asante Bwana Yesu!" Gona akainua mikono, leso mkononi, na mlinzi akacheka pamoja naye. Kisha akamshika mwanawe upande wa pili, wakaanza kutembea kuelekea barabarani, taratibu, watatu kwa pamoja. Walikuwa wamefika kwenye lango ndipo Gona alipoitazama saa yake.

"Lakini mbona mmetoka upesi hivi?" akauliza. "Si huwa ni saa nne?"